Kwa nini majani ya kikapu cha msimu yanaharibika siku ya pili ilhali yamevunwa juzi tu?

#1 Mchicha Mwekundu

Wakuu, heshima kwenu. Swali liende kwa wanaolima, wanaofungasha na wanaokula vikapu vya msimu, ile mipango ya shamba la wanachama ambapo mnalipia hisa kabla ya kupanda, kisha kila wiki mnagawana kilichoiva.

Mavuno ni Ijumaa asubuhi, mgao unachukuliwa siku hiyohiyo saa 11 jioni. Jumapili asubuhi spinachi imelegea kabisa, saladi ina ute wa kahawia pale ilipokatwa, na mchicha umeanza umanjano kwenye majani ya chini. Karoti na vitunguu vya kikapu kilekile havina neno. Majani ya dukani, ambayo yamekatwa siku kadhaa kabla ya kupangwa kwenye rafu, yanamaliza wiki na bado yanakatika kwa mlio. Kwa hesabu ya kawaida cha juzi kilipaswa kudumu kuliko cha wiki iliyopita. Kosa liko wapi: shambani, kwenye kufungasha, njiani au jikoni?

#2 Jembe Butu

Joto la shambani, mkuu. Usitafute mbali.

Jani likikatwa haliachi kupumua. Linaendelea kuchoma sukari yake, na kila joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo huongezeka mara mbili hadi tatu. Kupumua kwenyewe kunatoa joto, kwa hiyo kreti iliyoshindiliwa inajipasha yenyewe katikati hata ikiwa kivulini. Chukua kipimajoto cha kuchoma, kile cha nyama, kiingize katikati ya kreti ya spinachi iliyokaa saa tatu tangu ivunwe, kisha pima jani la juu. Utaona tofauti, na majani ya katikati ndiyo yatakayokuwa ya kwanza kuharibika.

Majani ya dukani hayajapata bahati, yamepozwa. Saladi ya mashamba makubwa huingizwa kwenye chumba kinachonyonywa hewa, maji kidogo ya kwenye majani yanageuka mvuke na kuondoka na joto, na shehena nzima hushuka hadi karibu nyuzi 2 ndani ya nusu saa hivi. Kuanzia hapo haiachi ubaridi hadi rafuni. Siku tano kwenye nyuzi 2 ni uzee mdogo kuliko siku moja kwenye nyuzi 28.

Kwa shamba lisilo na mashine: anza kukata saa 12 asubuhi na umalize majani yote kabla ya saa 2. Kreti iwe na matundu na isijazwe zaidi ya robo tatu. Ikijaa iende kivulini papo hapo, isisubiri mwisho wa mstari. Chovya majani kwenye maji safi ya baridi dakika 5 hadi 10, yang'ute, yatandaze kivulini penye upepo, kisha yapange upya. Mizizi na vitunguu vina subira, vivunwe baadaye.

#3 Kibuyu cha Pili

Nimekaa mbele kabisa. Leteni madini.

#4 Ungo Mpana

Jembe Butu uko sawa kwa theluthi moja. Mleta mada ametaja magonjwa matatu na wewe umeyapa dawa moja.

Kulegea ni maji yaliyopotea. Spinachi ikipoteza asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake tayari inaonekana imechoka, hata kama haijaoza popote. Ute ni bakteria, na bakteria wanataka kidonda na maji. Umanjano ni jani kuzeeka, ama lenyewe, ama kwa kusukumwa na hewa ya matunda yanayoiva. Jani moja linaweza kuwa na yote matatu, lakini ukitaka kujua kosa liko wapi, angalia lipi limetangulia.

Kwa ule ute ninashuku maji ya kuoshea. Na hapa ushauri wa #2 una hatari yake: kuchovya ni kuzuri kama maji ni safi na kama majani yatakauka baadaye. Beseni moja likichovya kreti kumi bila kubadilishwa, kreti ya kumi inachovya kwenye supu ya udongo wa kreti tisa. Kila shina lililokatwa ni mdomo ulio wazi. Kisha majani yanaingia mfukoni yakiwa yanadondoka, mfuko unafungwa, unawekwa kwenye gari lenye joto. Siku mbili zinatosha.

Mchicha Mwekundu, hebu geuza mfuko juu chini. Kama kuna maji yanayotiririka kwenye kona, hata kijiko kimoja, hilo ndilo jibu la ute.

#5 Kapu la Nne

Na mpira wa kufungia msiusahau. Fungu likikazwa sana mashina ya nje yanapondeka, na ule mstari mweusi unaanzia pale pale mpira ulipobana. Funga kwa ulegevu wa kuingiza kidole kimoja.

Ila mimi naona mhusika mkuu ni nyanya. Msimu wa nyanya ndio msimu wa malalamiko ya majani. Nyanya iliyoiva inatoa ethilini, hewa isiyoonekana wala kunusika kwa kiwango hicho, na majani yakiivuta yanapoteza ukijani. Matikiti ya manjano, ndizi, tufaha, papai, parachichi na embe nayo yanatoa, na pasheni inatoa nyingi kupita kiasi. Wanaoumia ni mchicha, spinachi, saladi, brokoli, kabichi na tango. Hata karoti: ikikaa na tufaha kwa muda mrefu inapata uchungu ambao watu wanausingizia udongo.

Wafungashaji wengi wanaweka nyanya juu ili zisipondwe. Sawa kwa nyanya, lakini kikapu kikifunikwa, majani ya chini yanalala na ile hewa usiku kucha. Nyanya ziwe kwenye mfuko wa karatasi nje ya kikapu.

#6 Jembe Butu

Ethilini ni kweli, sibishi. Lakini kazi yake kwenye majani inachukua siku, na kikapu kilicho wazi kinapitisha hewa. Usiku mmoja na nyanya sita haugeuzi mchicha manjano kama mchicha wenyewe haukuwa umechoka. Na jani likiwa baridi ethilini inalisumbua kidogo sana. Tunarudi palepale kwenye joto.

Kwa Ungo Mpana: maji ya beseni nakubaliana nawe. Nilipaswa kusema yabadilishwe.

#7 Zamu ya Jioni

Wakuu, mnachukulia kwamba kuvuna alfajiri ndiyo haki, na hilo lenyewe linajadilika.

Jani linatengeneza sukari mchana kutwa na kuitumia usiku. Alfajiri limejaa maji lakini ghala limebaki na kidogo. Ukilikata saa 12 asubuhi umelipeleka safarini bila chakula. Likikatwa saa 11 jioni lina sukari ya siku nzima, na hiyo ndiyo itakayoliendesha baada ya kukatwa. Majani machanga ya saladi na mrehani yamejaribiwa hivyo, na yale ya jioni yalidumu zaidi. Faida nyingine: naitreti, chumvi ya naitrojeni isiyotakiwa nyingi kwenye chakula, hupungua kwenye jani mchana kwa sababu mmea unaitumia kukiwa na mwanga.

Kwa mgao wa Ijumaa jioni, kata majani Ijumaa saa 10, siyo asubuhi. Umeondoa saa kumi za kukaa kwenye kreti.

#8 Mstari wa Maji

#7, hoja ni nzuri, ila malizia nusu ya pili. Jani la saa 10 jioni lina joto la mchana wote na limepoteza maji. Lisipopozwa saa ileile litachoma hiyo akiba ya sukari kabla ya kufika jikoni. Waliolijaribu walikuwa na chumba baridi cha kulipokelea. Asiye nacho anachagua kati ya jani lenye maji na jani lenye sukari, na la asubuhi angalau linaanza likiwa na ubaridi wa bure.

#9 Zamu ya Jioni

Jua linapozama ubaridi wa bure unakuja pia. Kata dakika za mwisho za mwanga, tandaza usiku, gawa asubuhi.

#10 Kibuyu cha Pili

Basi mgao uhamie Jumamosi asubuhi na Ijumaa jioni wote tulale shambani tukilinda saladi 😄 Mimi nitaleta taa.

#11 Mchicha Mwekundu

Asanteni sana. Majibu ya maswali yenu:

Mfuko ni wa plastiki, hauna tundu, umefungwa fundo. Nimegeuza: maji yalitoka, zaidi ya kijiko kimoja. Nyanya zilikuwa juu, ndani ya kikapu hichohicho. Beseni ni moja, linabadilishwa maji "yakichafuka". Kuvuna kunaanza saa 1 na nusu asubuhi na majani yanakatwa mwisho, baada ya karoti na viazi, ili yasikae sana. Kutoka pale hadi saa 11 jioni yanakaa kwenye banda la bati.

Yaani kila mtu hapa ana ushahidi wake.

#12 Ungo Mpana

Bati! Hilo banda saa 8 mchana linaweza kuwa na joto kuliko nje. Wekeni dari ya makuti au magunia chini ya bati, acheni pande mbili wazi upepo upite.

Na fundo la mfuko lisamehewe kidogo. Mfuko unazuia kulegea, ndiyo maana watu wanautumia. Kinachotakiwa ni majani yaliyokauka juu, kitambaa au karatasi moja ya kunyonya ndani, na matundu machache ya ukubwa wa penseli. Mfuko wenye maji unaozesha, na kukosa mfuko kabisa kunakausha.

#13 Samadi Mbivu

Mmezunguka beseni na bati lakini hakuna aliyeuliza jani lenyewe limelelewaje. Kuna jani linaloingia kwenye kreti tayari halina uhai mrefu.

Ukilipa naitrojeni nyingi karibu na mavuno, iwe urea, iwe samadi ya kuku iliyo mbichi, linakua haraka, pana, kijani cha kuvutia, na kuta zake ni nyembamba. Linavunjika kwa kuguswa na linavuja. Chukua jani moja la spinachi likunje taratibu katikati: la afya linapinda kidogo kabla ya kukatika na kidonda chake ni kikavu; lililoshibishwa kupita kiasi linakatika ghafla na maji yanatoka kwenye kidonda. Hilo la pili halifiki Jumapili hata ukilipoza kwa barafu.

Na umwagiliaji. Kuloweka tuta usiku wa kuamkia mavuno kunalijaza jani maji hadi linapasuka kwenye kreti. Kuacha tuta kavu siku tatu ni kosa la upande wa pili. Mwagilia kiasi siku moja kabla, asubuhi, majani yapate mchana wa kukauka.

#14 Jembe Butu

#13 hiyo ya kukunja jani ni nzuri, naichukua. Ila saladi ya dukani nayo inalishwa naitrojeni ya kutosha, na inadumu. Hilo unalielezaje?

#15 Samadi Mbivu

Inadumu kwa sababu ya mbegu. Mashamba makubwa yanachagua aina zilizozalishwa kustahimili safari: jani nene, shina gumu. Shamba la wanachama linachagua aina ya ladha, au ile iliyo kongwe ambayo haikuwahi kufikiriwa isafiri. Aidha saladi ya mfukoni ya dukani imefungwa na hewa iliyopunguzwa oksijeni ili ipumue polepole. Mfuko wa fundo haufanyi hivyo kwa kipimo, unabahatisha.

#16 Kapu la Nne

Kwa hiyo sasa ni joto, maji, nyanya, saa ya kuvuna, mbolea na mbegu. Mleta mada aliuliza swali moja jamani.

#17 Ganda la Boga

Natoka nje kidogo ya mada lakini ni kikapu hichohicho. Wengi wakifika nyumbani wanamimina kikapu chote kwenye friji kama shukrani kwa mkulima. Friji ya kawaida ni nyuzi 4, na nusu ya mazao ya msimu wa joto inaumia hapo.

Bamia chini ya nyuzi 7 inapata madoa meusi. Tango na bilinganya zinataka karibu nyuzi 10 hadi 12. Tango likikaa chini ya hapo siku kadhaa linatoka na mashimo ya majimaji. Mrehani unakuwa mweusi, uweke kwenye glasi ya maji mezani kama ua. Viazi vitamu visishuke chini ya 13, vinapata moyo mgumu usioiva hata ukichemsha saa nzima. Nyanya nazo zisiguse friji.

Wanaopenda baridi hasa ni spinachi, saladi, brokoli, kabichi na karoti. Karoti ikatwe majani siku hiyohiyo, acha kipande cha sentimita 1 au 2. Majani yakibaki yananyonya maji ya mzizi hadi inapinda kama kamba.

#18 Mstari wa Maji

Sahihisho kwa nyanya: hilo ni kwa ambayo haijakamilika kuiva, ndiyo inayopoteza uwezo wa kuiva vizuri. Iliyoiva kabisa, ambayo kesho itaoza, friji siku mbili tatu ni sawa. Itoe mapema irudi kwenye joto la chumba kabla ya kuila.

Na anayeosha nyanya kabla ya kugawa: maji yasiwe baridi kuliko nyanya. Nyanya yenye joto la shamba ikitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji machafu kupitia kovu la kikonyo. Inaoza kutokea ndani huku nje iking'aa. Maji yawe na joto la nyuzi 5 zaidi ya nyanya, au usizioshe, zifute.

#19 Kibuyu cha Pili

Vitunguu na viazi mviringo vikae mbali, vinaozeshana kwa ethilini. Au siyo?

#20 Ungo Mpana

Vikae mbali ndiyo, sababu siyo hiyo. Vyote viwili vinatoa ethilini kidogo mno. Kitunguu kinataka ukavu na upepo, kiazi kinataka giza na hewa yenye unyevu. Ukiviweka pamoja lazima mmoja akae kwenye mazingira ya mwenzake: kitunguu kinachipua na kuoza shingo, au kiazi kinasinyaa. Na kiazi kilichoona mwanga kikawa kijani, kata sehemu hiyo kwa kina, na kama ni kichungu kitupe. Ule ukijani unaambatana na solanini, sumu ya viazi, na kuchemsha hakuiondoi.

#21 Hisa Nusu

Viazi vitamu vya mgao wa kwanza havina utamu kabisa, wanachama wanalalamika. Je, ni aina ya mbegu?

#22 Ganda la Boga

Hapana dada, vimegawiwa mapema mno. Kiazi kitamu kinapotoka ardhini kina michubuko na wanga mwingi. Kilazwe kwanza kwenye nyuzi 29 hadi 30, hewa yenye unyevu wa asilimia 85 hadi 90, siku 4 hadi 7. Michubuko inafunga, ganda linakaza. Kisha kihamie kwenye nyuzi 13 hadi 15, na utamu unazidi kupanda kwa wiki kadhaa. Shamba dogo linaweza kutumia chumba chenye beseni la maji na magunia mabichi ukutani. Kisioshwe kabla ya hapo, udongo upukutwe tu kwa mkono mkavu.

Boga ni karibu vivyo hivyo: likatwe na kikonyo cha sentimita 5 hadi 10, lilazwe siku kumi kwenye nyuzi 27 hadi 29 penye upepo, na lisibebwe kwa kikonyo. Kikonyo kikichomoka, boga hilo ligawiwe kwanza, halina maisha ghalani.

#23 Hisa Nusu

Nimeelewa, ahsante. Basi tatizo ni ratiba ya mgao. Kamati inaona kikapu kitakuwa chepesi wiki hiyo, inajazia viazi vya jana.

#24 Zamu ya Jioni

Mahindi mabichi ni kinyume chake, yasisubiri hata kidogo. Yale matamu yakikaa nyuzi 30 kwa siku moja yanapoteza takriban nusu ya sukari yake. Kwenye kikapu cha msimu mahindi yavunwe mwisho na yaliwe usiku huohuo, na maganda yasivuliwe shambani.

#25 Kapu la Nne

Tukumbuke pia kwamba mipango hii tangu ianzishwe Marekani mwaka 1986 haikuahidi kikapu kizuri kila wiki. Mwanachama analipa mwanzo wa msimu na anabeba hasara pamoja na mkulima.

#26 Mstari wa Maji

Mwaka 1986 ni wa mashamba mawili ya kwanza yaliyojulikana huko kwa jina la CSA, yaani kilimo kinachoungwa mkono na jamii: Indian Line Farm, Massachusetts, alipokuwa Robyn Van En, na Temple-Wilton, New Hampshire. Wazo lenyewe lilitangulia. Japani ilikuwa na teikei miaka ya 1970, kaya zikifungamana moja kwa moja na mkulima, na Geneva ilikuwa na Les Jardins de Cocagne tangu 1978.

#27 Samadi Mbivu

Na kabla ya kuvuka bahari, mtajeni Booker T. Whatley wa chuo cha Tuskegee, Alabama, Marekani. Alikuwa akiwafundisha wakulima weusi kuunda klabu za wateja wanaolipia uanachama na kuja kuchuma wenyewe, miaka mingi kabla ya 1986. Anasahauliwa kila hesabu hizi zinapofanywa, na si haki. Tena tazameni: mteja anayechuma mwenyewe hana kreti, hana banda la bati, hana beseni. Jani linatoka tuta kwenda jikoni.

#28 Jembe Butu

Hapo kwenye mwisho umenena. Ingawa naye akiliacha kwenye gari lililofungwa vioo saa moja, tumerudi kule kule.

#29 Kibuyu cha Pili

Jembe Butu na joto, mtu na mkewe 😄

#30 Hisa Nusu

Swali la mwisho kwangu. Wiki za kabichi tatu tatu kwa hisa moja, watu wanafanyaje? Kuna aliyesema achachushe kwa vijiko viwili vya chumvi kwa kabichi moja.

#31 Ungo Mpana

Usipime kwa kijiko wala kwa kabichi. Kijiko kimoja cha chakula cha chumvi laini ni karibu gramu 18, cha chumvi ya mawe ni pungufu, na kabichi zinatofautiana kutoka kilo 1 hadi 3. Tumia mzani: kwa kila kilo 1 ya kabichi iliyokatwa, chumvi gramu 20 hadi 25. Sugua kwa mikono hadi itoe maji yake, shindilia kwenye chupa, weka kitu kizito juu ili kabichi yote izame. Kipande kitakachoelea ndicho kitakachoota ukungu. Nyuzi 18 hadi 24, wiki tatu hadi nne. Ikizidi 24 inalainika na kunuka. Utando mweupe mwembamba juu unaenguliwa tu. Ukungu wenye manyoya au rangi, tupa yote.

Chumvi ikipungua, bakteria wanaoozesha wanawahi kabla ya wanaochachusha. Ikizidi sana, wote wanalala na kabichi inabaki ya chumvi tupu.

#32 Hisa Nusu

Na maharage mabichi nayo nayachemsha tu kwenye chupa, siyo?

#33 Ungo Mpana

HAPANA, tafadhali sana. Maharage hayana asidi ya kutosha. Maji ya kuchemka hayazidi nyuzi 100, na mbegu za bakteria wa botulizimu zinavumilia hapo, kisha zinaamka ndani ya chupa isiyo na hewa. Sumu yake inaua na huwezi kuinusa. Kwenye chupa yanahitaji sufuria maalumu ya presha inayofika nyuzi 116 na zaidi, kwa muda uliopimwa. Bila hiyo, yatie kwenye maji yanayochemka dakika 3, yahamishe kwenye maji ya barafu dakika 3, yakaushe, yagandishe. Majani ni dakika 2 na hesabu ileile ya barafu. Maji yawe mengi, lita 4 kwa nusu kilo, yasiache kuchemka mboga zinapoingia.

#34 Mchicha Mwekundu

Wakuu, nimerudi na majaribio. Tumegawa spinachi ya Ijumaa mafungu manne, kila moja gramu 500, jikoni moja, friji moja.

A: kama kawaida, asubuhi, beseni, mfuko wa fundo.
B: asubuhi saa 12, imechovywa maji safi, imekaushwa kivulini, mfuko wenye matundu na kitambaa.
C: asubuhi saa 12, haikuoshwa kabisa, mfuko kama wa B.
D: imekatwa saa 12 jioni, haikuoshwa, mfuko kama wa B.

Nyanya zote nje. A ilipata ute Jumapili kama kawaida. B imefika Jumatano, imelegea kidogo, haina ute. C imefika Jumatano pia, imelegea zaidi ya B. D ni Alhamisi leo na bado iko imara, majani mawili tu ya manjano.

#35 Zamu ya Jioni

D! Sukari ya mchana, wakuu.

#36 Jembe Butu

D haikupitia banda la bati hata dakika moja, wakati A, B na C zimekaa humo tangu asubuhi hadi jioni. Ni joto.

#37 Ungo Mpana

A peke yake ndiyo ina ute, na ndiyo peke yake iliyoingia mfukoni ikiwa na maji. Kuhusu ute hamna cha kubishana. D tunaweza kuendelea.

#38 Samadi Mbivu

Kabla hamjashangilia: mafungu yote yametoka tuta moja?

#39 Mchicha Mwekundu

A, B na C ni tuta la karibu na banda. D ilikatwa tuta la chini, kwa sababu la kwanza lilikuwa limeisha. Nimeuliza: tuta la karibu na banda lilipewa samadi ya kuku wiki mbili zilizopita, la chini halikupewa.

#40 Samadi Mbivu

Kunja jani moja la kila tuta Ijumaa ijayo, piga picha ya kidonda. Kisha rudia A mpaka D, zote tuta la chini, na D ilale nje ya bati kama ilivyofanywa. Ongeza fungu E: asubuhi saa 12, haijaoshwa, mfuko uleule, ila isiguse banda kabisa, ishinde chini ya mti hadi saa 11.

#41 Mstari wa Maji

Na upime uzito wa kila fungu siku ya kwanza na kila asubuhi. "Imelegea kidogo" ya mtu mmoja ni "imelegea zaidi" ya mwingine.

#42 Mchicha Mwekundu

Nimeandika yote. Mzani wa gramu upo, kipimajoto cha nyama nimeazima. Ijumaa.